Pearl ya Janis Joplin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Janis Joplin anapotajwa, maswali huwa ni yale yale, na nusu yake yanahusu kifo chake. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kusikia hata wimbo mmoja hadi ya wale wanaobishana kuhusu matoleo. Jambo likiwa limeshaelezwa kwenye jibu jingine, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya msingi

Pearl ni albamu gani hasa?

Ni albamu ya studio ya Janis Joplin, mwimbaji wa rock na blues aliyezaliwa Port Arthur, Texas, tarehe 19 Januari 1943. Kampuni ya Columbia iliitoa tarehe 11 Januari 1971, miezi mitatu na ushee baada ya yeye kufariki. Ina nyimbo kumi, tano kila upande wa santuri, na yote haizidi sana dakika 34. Kwa viwango vya leo ni fupi. Hata hivyo, sijawahi kumsikia mtu aliyeisikiliza akilalamika kwamba haikumshibisha.

Jina Pearl limetoka wapi?

Ni jina la utani la Janis mwenyewe, alilolianza katika mwaka wake wa mwisho. Marafiki walimwita hivyo, naye akalifanya kama vazi: Pearl ndiye yule mwanamke mwenye manyoya ya rangi kichwani, bangili hadi karibu na kiwiko, na kicheko kinachotangulia kabla mwenyewe hajaingia mlangoni. Ukiitazama picha ya jalada, anayekutazama ni Pearl.

Ni albamu yake ya ngapi?

Inategemea unahesabuje. Mbili za kwanza, ya 1967 na Cheap Thrills ya 1968, zilitoka kwa jina la bendi ya Big Brother and the Holding Company, yeye akiwa mwimbaji wake. Mwaka 1969 akatoa ya kwanza kwa jina lake, I Got Dem Ol' Kozmic Blues Again Mama!. Kwa hiyo Pearl ni ya nne kwa jumla, na ya pili kwa jina lake.

Ni rock, blues au soul?

Dukani huwekwa kwenye rock, na siyo kosa. Lakini ukichunguza nyimbo zimetoka wapi, utakuta mizizi imeenda kwa waimbaji weusi wa soul. "Cry Baby" uliimbwa kwanza na Garnet Mimms mwaka 1963. "Get It While You Can" ulikuwa wa Howard Tate. "Trust Me" umeandikwa na Bobby Womack, ambaye pia alikuja studioni na gitaa lake akaupiga.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao kuuliza, kama huyu hakuwa mzungu mwingine aliyetajirika kwa muziki wa wenzake. Jibu langu ni kwamba angalau deni lake hakulificha. Alimtaja Bessie Smith, mwimbaji mweusi wa blues, kila alipopata nafasi, na Agosti 1970, wiki chache kabla ya kuingia studio, alichangia gharama ya jiwe la kaburi la Bessie. Kaburi lile lilikuwa limekaa bila alama yoyote tangu 1937.

Sijawahi kumsikiliza. Nianze na wimbo upi?

Usianze na "Me and Bobby McGee", ingawa ndio utakaoletewa kwanza kila mahali. Anza na "Cry Baby". Sekunde ya kwanza kabisa utasikia sauti ikipasuka pamoja na bendi nzima, bila utangulizi, bila hodi. Kisha yote hutulia na anaanza kuimba taratibu kama mtu anayezungumza na wewe sebuleni. Katikati anaacha kabisa kuimba na kumsemesha yule mwanaume, huku bendi ikimsubiri. Ukivumilia ule ukelele wa mwanzo, albamu nzima itakufaa. Usipouvumilia, basi pengine huyu si wako, na hakuna ubaya.

## Watu na studio

Full Tilt Boogie ni akina nani?

Ni bendi iliyompigia kwenye albamu hii, na kwa wengi wetu ndiyo bendi bora aliyowahi kuwa nayo. John Till alikuwa kwenye gitaa, Brad Campbell kwenye besi, Richard Bell kwenye piano, Ken Pearson kwenye ogani na Clark Pierson kwenye dramu. Wote walikuwa Wakanada isipokuwa Pierson, ambaye ni Mmarekani.

Kuwa na piano na ogani kwa wakati mmoja si jambo dogo. Ndiko unakotoka ule unene wa sauti unaofanana na wa kanisani kwenye "A Woman Left Lonely" na "Get It While You Can": ogani inatandaza mkeka, piano inatembea juu yake.

Kwa nini alibadili bendi mara kwa mara?

Big Brother walikuwa marafiki zake wa San Francisco, na pamoja nao alilipuka kwenye tamasha la Monterey mwezi Juni 1967. Walikuwa na moto mwingi kuliko ustadi. Aliachana nao mwishoni mwa 1968, akaunda bendi yenye ala za kupuliza kwa mtindo wa soul wa Memphis. Hiyo ndiyo iliyorekodi Kozmic Blues. Ilikuwa na wapigaji wazuri, lakini haikukaa sawa: mara nyingi unasikia bendi na mwimbaji wakienda njia mbili sambamba.

Till na Campbell walitoka kwenye bendi hiyo ya pili wakaingia Full Tilt, waliobaki wakaongezwa. Safari hii ilikuwa bendi yake kweli, iliyomfuata anapokwenda. Kabla ya studio walizunguka pamoja, ikiwemo ile ziara ya treni ya kiangazi cha 1970 kuvuka Kanada, Festival Express, wakiwa na Grateful Dead, The Band na Buddy Guy. Wanamuziki walipiga muziki ndani ya mabehewa usiku na mchana. Bendi iliyotoka kwenye safari kama hiyo haihitaji kufundishwa kusikilizana.

Prodyuza Paul Rothchild alifanya nini cha pekee?

Rothchild alikuwa tayari na jina kwa kazi yake na bendi ya rock ya The Doors. Kwa Janis, alifanya jambo ambalo waliotangulia hawakufanya: alimfundisha kuitunza sauti. Janis alikuwa amezoea kutoa kila kitu kuanzia mstari wa kwanza, kana kwamba hakuna kesho. Rothchild alimtaka apime, aanze chini, aache nafasi ya kupanda. Alikuwa akimfikiria kama mwimbaji ambaye bado angekuwa kazini miaka mingi mbele.

Matokeo unayasikia. Linganisha "Ball and Chain" kwenye Cheap Thrills na "A Woman Left Lonely" humu. Nguvu ni ile ile. Tofauti ni kwamba hapa anaishika mkononi, na anaachia pale tu anapotaka.

Ilirekodiwa wapi, na ilichukua muda gani?

Sunset Sound, Los Angeles, kuanzia mwanzoni mwa Septemba 1970 hadi Oktoba. Kwa msanii wa Columbia hilo lilikuwa jambo la kupiganiwa, maana kampuni iliwataka wasanii wake watumie studio zake yenyewe. Rothchild alitaka chumba alichokizoea, na akakipata.

Zingatia tarehe. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba, wakati vipindi hivi vikiendelea. Walikuwa wanafahamiana. Kazi haikusimama.

Ni kweli studioni alikuwa hoi kwa ulevi?

Waliokuwepo wamesimulia kinyume chake: mwanamke anayefika kwa wakati, anayebishana kuhusu mpangilio wa wimbo, anayetaka kusikiliza tena alichorekodi, mwenye furaha. Ni kweli pia kwamba katika wiki hizo hizo alikuwa amerudia heroini baada ya kuiacha kwa miezi kadhaa. Mambo yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Anayekusimulia moja tu anakupa nusu ya habari.

## Nyimbo zenyewe

Aliandika nyimbo ngapi?

"Move Over" ni wake peke yake, na "Mercedes Benz" ameshirikiana na wengine. Nane zilizobaki ni za watunzi wengine. Watu hulitamka hili kama dosari. Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz, nyingi ya nyimbo zilizomjengea jina hakuzitunga yeye, na hakuna anayemdai. Uimbaji ni utunzi wa pili.

Ila "Move Over" usiuruke. Unaanza na dramu peke yake, kisha sauti na gitaa vinapita njia moja, noti kwa noti, kama watu wawili wanaobeba ngazi. Unamhusu mwanaume asiyetaka kubaki wala kuondoka, naye anaambiwa achague.

Nani aliandika "Me and Bobby McGee"?

Kris Kristofferson, akishirikiana na Fred Foster. Foster ndiye aliyempa Kristofferson jina la wimbo kwa simu na kumtaka autunge. Aliyeurekodi kwanza ni Roger Miller mwaka 1969, kwa mtindo wa country. Janis alifundishwa wimbo huo na rafiki yake Bob Neuwirth.

Kristofferson na Janis walifahamiana vizuri, lakini Kristofferson hakujua kwamba Janis ameurekodi. Aliusikia baada ya kifo, alipochezewa kanda mjini Los Angeles. Huo ni mzigo ambao sidhani kuna mtunzi angependa kuubeba.

Bobby ni mwanamume au mwanamke?

Kwa Kristofferson, Bobby ni mwanamke. Janis akageuza viwakilishi, na Bobby akawa mwanamume. Kwa Kiswahili tatizo hili lisingekuwepo, "yeye" wetu hatuulizi jinsia, lakini kwa Kiingereza lazima mwimbaji achague.

Kisa chenyewe ni cha wawili wasio na kitu, wanaopata lifti ya lori kutoka Baton Rouge kwenda New Orleans, mvua ikinyesha, wakiimba na dereva. Baadaye, karibu na Salinas, Bobby anaondoka zake.

Mbona nusu ya pili ya wimbo huo ni "la la la" tu?

Kwa sababu maneno yamekwisha na uchungu haujakwisha. Fuatilia jinsi unavyojengwa. Mwanzo ni gitaa kavu, analipiga Janis mwenyewe, na sauti iliyo karibu na maongezi. Bendi inaingia kidogo kidogo. Baada ya ubeti wa kwanza wimbo mzima unapanda ufunguo, kwa hiyo hadithi ya kuachwa anaiimba juu zaidi ya hadithi ya furaha. Halafu Bobby ameshaondoka, hakuna tena la kusimulia, na ndipo anapoachia silabi tupu, ogani na piano zikikimbizana nyuma yake hadi mwisho. Hapo ndipo yale mafunzo ya Rothchild yanapolipa: kama angeanza kwa kelele, pasingebaki pa kwenda.

Kwa nini "Mercedes Benz" hauna ala hata moja?

Kwa sababu siku ile, tarehe 1 Oktoba 1970, hakukusudiwa kurekodi wimbo kamili. Alisimama mbele ya maikrofoni akatangaza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhutubia bunge, kwamba ataimba wimbo wenye uzito mkubwa wa kijamii na kisiasa. Kisha akaimba dua ya kumwomba Mungu gari, televisheni ya rangi na usiku wa starehe mjini. Mkupuo mmoja tu, chini ya dakika mbili. Unasikia mguu ukipiga sakafu. Mwishoni anatamka kwamba basi, imetosha, na anacheka kile kicheko chake.

Alifariki siku tatu baadaye, na wimbo ukawekwa kwenye albamu kama ulivyo. Uamuzi sahihi kabisa. Hebu fikiria kama mtu angejaribu kuutandikia gitaa na dramu chini yake.

Aliutunga lini?

Tarehe 8 Agosti 1970, kwenye baa mjini Port Chester, New York, alikokuwa na onyesho ukumbi wa Capitol Theatre. Alikuwa ameshika mstari wa mshairi Michael McClure kuhusu Mungu na Mercedes Benz, akauzungusha mdomoni huku Neuwirth akiandika kwenye karatasi za kufutia mikono. Usiku ule ule akauimba jukwaani. Ndiyo maana majina ya watunzi ni matatu: Joplin, McClure na Neuwirth.

Kwa hiyo anaisifia Mercedes?

Anawakejeli wanaoamini kwamba Mungu anapima upendo kwa vitu. Kwamba wimbo huu ulikuja kutumika mwaka 1995 kwenye tangazo la Mercedes-Benz yenyewe, hilo ni kejeli nyingine juu ya kejeli, na yeye hayupo kuicheka.

Alikuwa na Mercedes?

Hapana. Alikuwa na Porsche 356 ya mwaka 1964, iliyopakwa rangi na michoro mwili mzima. Desemba 2015 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.76.

"Buried Alive in the Blues" hauna sauti ya kuimba. Nakala yangu ina kasoro?

Haina. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida na mtu ambaye amehangaika na spika zake kwanza.

Wimbo ulitungwa na Nick Gravenites. Bendi ilishamaliza kurekodi ala. Jumamosi tarehe 3 Oktoba Janis alifika studio, akasikiliza, akaridhika. Kuingiza sauti kulipangwa kwa kesho yake, Jumapili. Hakutokea. Baadaye Gravenites aliombwa auimbe yeye, akakataa. Ukaachwa hivyo, ala peke yake, mwisho wa upande wa kwanza.

Jina la wimbo, "kuzikwa hai ndani ya blues", limewafanya wengi waone ishara na mikosi. Mimi nasikia kitu cha kawaida zaidi na kinachouma zaidi: bendi inayopiga kwa furaha, ikimwachia mwenzao nafasi ya kuingia.

Wimbo wa mwisho kabisa aliorekodi ni upi?

Mara nyingi hutajwa "Mercedes Benz". Lakini siku hiyo hiyo ya tarehe 1 alirekodi pia salamu za utani za kuzaliwa kwa John Lennon, aliyekuwa anatimiza miaka 30 tarehe 9 Oktoba. Kanda ilimfikia Lennon baada ya Janis kufariki. Alilisimulia hilo mwenyewe kwenye televisheni mwaka uliofuata.

## Kifo chake na kumalizia albamu

Nini kilitokea tarehe 4 Oktoba 1970?

Rothchild alimsubiri studio, hakuja. Meneja wa ziara, John Byrne Cooke, alikwenda kwenye hoteli alikopanga, Landmark Motor Hotel, Hollywood, akamkuta amefariki chumbani. Alikuwa na miaka 27. Chanzo kilitajwa kuwa kuzidisha heroini.

Alijiua?

Mchunguzi wa vifo aliandika kwamba ilikuwa ajali. Angalia pia ratiba yake: kesho alikuwa na wimbo wa kuimba, albamu ilikuwa inaelekea ukingoni, na alikuwa ameposwa. Watu hupenda visa vya msanii aliyejua mwisho wake. Hapa hakuna ushahidi wa namna hiyo.

Na hiyo "klabu ya 27"?

Brian Jones 1969, Hendrix na Joplin 1970, Jim Morrison 1971, wote wakiwa na miaka 27. Ni sadfa ya kusikitisha iliyogeuzwa kuwa hekaya. Haielezi chochote kuhusu muziki wa yeyote kati yao, kwa hiyo naishia hapo.

Basi Pearl si albamu ya kuunganishwa vipande baada ya kifo?

Hili ndilo kosa kubwa linalorudiwa, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Ipo aina ya albamu ambayo kampuni hufagia mabaki ya kanda na kuyauza kama urithi. Pearl siyo hiyo. Nyimbo zilichaguliwa Janis akiwa hai, bendi ni yake, prodyuza alikubaliana naye, na sauti zake zilikuwa zimerekodiwa isipokuwa kwenye wimbo mmoja (tazama jibu la "Buried Alive in the Blues"). Baada ya msiba Rothchild na bendi walirudi studio, wakakamilisha ala na kuchanganya.

Kinachoweza kubishaniwa ni "Mercedes Benz". Haijulikani kama angeuacha vile. Lakini kuiita albamu nzima masalia ni kumnyang'anya kazi yake nzuri kuliko zote na kuipa kaburi.

Ni kweli aliacha pesa za sherehe?

Ndiyo. Kwenye wosia aliacha dola 2,500 ili marafiki zake wafanye karamu. Ilifanyika mwishoni mwa Oktoba 1970 huko San Anselmo, California. Mwili ulichomwa, na majivu yakamwagwa kwenye bahari ya Pasifiki.

## Ilivyopokewa

Iliuzaje?

Ilikaa namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa wiki tisa. "Me and Bobby McGee" ukafika namba moja kwa singo mwezi Machi 1971. Ulikuwa wimbo wa pili kufika pale Marekani baada ya mwimbaji wake kufariki. Wa kwanza ni ule wa Otis Redding mwaka 1968. "Cry Baby" uliishia namba 42, jambo ambalo hadi leo silielewi. Kwa miaka iliyofuata albamu imethibitishwa platinamu mara nne nchini Marekani.

Ingefika huko kama asingekufa?

Hakuna awezaye kuapa. Msiba uliongeza masikio, hilo halina ubishi, na hata sisi tunajua redio zinavyofanya wiki ya msiba wa msanii. Lakini Cheap Thrills ilikaa namba moja wiki nane mwaka 1968, mwenyewe akiwa mzima anatembea. Na huruma haidumu kwenye chati wiki tisa, wala haiwafanyi watu wanunue tena baada ya miaka 30. Kwa maoni yangu ingefika, pengine kwa mwendo wa polepole.

Alipata tuzo kwa albamu hii?

"Me and Bobby McGee" uliteuliwa kwenye Grammy za 1972 upande wa waimbaji wa kike wa pop. Tuzo ikaenda kwa Carole King kwa albamu yake Tapestry, na huwezi kusema Carole aliiba. Heshima nyingine zilikuja kwa kuchelewa: aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1995, na Grammy ya mchango wa maisha ikatolewa 2005.

Nyumbani kwao walimpokea vipi?

Mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye Port Arthur hawakumtunza. Shuleni alidhihakiwa, na Agosti 1970 alirudi kwenye mkutano wa miaka kumi ya darasa lake akiwa na manyoya yake na waandishi wa habari nyuma. Picha na video za siku ile zinaonyesha mtu anayetaka sana waseme wamekosea. Mwezi mmoja baadaye alikuwa studio anarekodi "Move Over". Usikilize wimbo huo ukijua hilo.

## Mambo madogo madogo

Picha ya jalada ilipigwa na nani?

Barry Feinstein. Janis amekaa kwenye kiti cha kizamani, glasi mkononi, anatabasamu. Wengi hudhani picha ilitafutwa kwenye kabati baada ya msiba ili aonekane mwenye furaha. Yeye mwenyewe alikaa ili apigwe.

Filamu ya The Rose inamhusu?

Ilianza kama filamu kuhusu yeye, hata jina lake la awali lilikuwa Pearl. Familia haikukubali, kisa kikabadilishwa. Ilipotoka 1979, Bette Midler akiwa nyota, ilikuwa inahusu mwimbaji wa kubuni. Ifurahie kama filamu, usiitumie kujifunza maisha ya Janis.

Nichukue toleo lipi?

Kwa mara ya kwanza, nyimbo kumi za asili, basi. Toleo la 2005 lina diski ya pili ya maonyesho ya Festival Express, na ndilo la kuchukua ukishaipenda bendi (tazama jibu kuhusu Full Tilt Boogie). The Pearl Sessions ya 2012 ni kwa wale wanaotaka kusikia mazungumzo ya studio na majaribio ya wimbo ule ule mara kadhaa. Humo unamsikia akielekeza, akicheka na kusahihisha. Kwa anayedhani alikuwa akibebwa na prodyuza, ndiyo dawa yake.

Nikisikiliza kwenye simu kuna ninachokosa?

Kimoja. Kwenye santuri, "Buried Alive in the Blues" ukiisha, upande wa kwanza umekwisha. Sindano inakwaruza pembeni, chumba kimya, inabidi uinuke ugeuze. Simu haikupi kimya hicho. "My Baby" unaingia moja kwa moja. Namba tano ikiisha, bonyeza usimamishe, kaa kidogo, halafu uendelee na namba sita.